Njia ya Miguu Si Sadaka

Shangazi yangu huuza mboga. Siku sita kwa wiki, kabla ya mapambazuko, hushuka mpaka soko la Nyabugogo kununua nyanya, karoti na mchicha, ule ambao sisi wa Kigali tunauita dodo. Kisha hupanda mlima akiwa na kapu kichwani hadi nyumbani kwetu, anakouzia mlangoni. Barabara ya lami huuzunguka mlima huo kwa mbali, nayo inamfaa mwenye gari au mwenye nauli ya pikipiki. Njia ya shangazi hukata mlima moja kwa moja katikati ya nyumba. Ni ya udongo, na watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kujibana ukutani.

Katika mvua za masika yaliyopita aliteleza kwenye njia hiyo akavunjika mkono. Majirani walimshika na kumpandisha mpaka kwenye lami, ndipo gari likapatikana. Jioni, mkono ukiwa ndani ya plasta, aliniuliza swali.

"Mwanangu, wewe unayesoma chuo, hebu niambie. Barabara ile ya juu ilijengwa kwa fedha za nani?"

"Za serikali, shangazi."

"Na fedha za serikali ni za nani?"

"Za wananchi."

"Haya. Mimi si mwananchi?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu. Swali ninalolijadili ni hili: fedha za umma zinapogawanywa kwa ajili ya usafiri wa jiji, mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli wanastahili nini, na wanastahili kwa msingi gani? Wengi wetu, hata tunaowatetea, huzungumza kana kwamba njia ya miguu ni hisani ambayo jiji humfanyia maskini likibakiwa na fedha. Mimi nitajaribu kuonyesha kwamba si hisani. Ni sehemu ya gharama ya barabara yenyewe, na barabara ambayo haijalipa gharama hiyo bado ina deni.

Nianze na hoja ninayoisikia mara nyingi, hata darasani: anayelipa ndiye mwenye haki. Wenye magari hununua mafuta, na ndani ya bei ya mafuta kuna tozo. Hapa Rwanda Mfuko wa Matengenezo ya Barabara hutegemea sana tozo hiyo. Mwenye baiskeli hanunui petroli, na shangazi hanunui kabisa. Kwa nini basi wadai kitu ambacho hawakukichangia?

Hoja hii ina sura ya haki, kwa sababu sote tunajua si vizuri kula usichokitolea jasho. Lakini tuitazame kwa karibu. Nyanya za shangazi zilifika Nyabugogo kwa lori. Lori hilo lilikunywa mafuta, na bei ya mafuta imo ndani ya bei ya nyanya. Akipanda basi kwenda hospitali, nauli yake ina mafuta ndani yake. Machi 2024 serikali ilipoacha kulipa ruzuku ya nauli za mabasi, abiria ndio waliobeba tofauti, na asiyeiweza alirudi kwenye miguu yake. Akinunua bidhaa inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani, hulipa asilimia 18 sawa na tajiri anunuaye bidhaa hiyo hiyo. Kwa hiyo shangazi hununua mafuta kila siku bila kumiliki gari. Tofauti ni kwamba hapewi risiti inayosema "barabara".

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kulisema kuhusu Tanzania: barabara za lami ziko zaidi mijini na huwafaa hasa wenye magari, lakini mikopo iliyozijenga hulipwa kwa mazao ya mkulima. Waandishi wa Azimio walikuwa wakilinganisha mji na kijiji. Mimi naona mlinganyo huo huo ndani ya mji mmoja, baina ya mgongo wa mlima palipo lami na ubavu wake palipo udongo. Mtu anaweza kuukataa ujamaa wote na bado asiweze kuikataa hesabu hiyo.

Hoja ya pili hutolewa na wanaowatetea waenda kwa miguu. Husema: wahesabiwe watu. Jijini Kigali watu wengi huenda kwa miguu, basi fedha nyingi ziende huko. Naipenda hoja hii kwa sababu inatufaa, lakini siiamini sana. Kwanza, mwenye kiti cha magurudumu ni mmoja kati ya wengi, na haki yake ya kuvuka barabara haipungui kwa uchache wake. Pili, wingi hutokana na kilichojengwa. Ukihesabu waendesha baiskeli katika barabara isiyo na nafasi ya baiskeli utapata wachache, kisha utasema haihitajiki. Ni sawa na kuhesabu wanaojua kusoma katika kijiji kisicho na shule, halafu ukaamua kwamba kijiji hicho hakihitaji vitabu.

Basi kama si malipo na si wingi, msingi ni upi? Jibu nililipata kwenye njia yenyewe, si kitabuni. Jumamosi moja ya umuganda tulikwenda kuweka mawe mahali alipoanguka shangazi. Mzee mmoja, fundi ujenzi mstaafu, alituzuia. Alituambia tupande kwanza tuone maji yanatoka wapi. Tulifuata mfereji uliochimbwa na mvua mpaka juu, tukafika kwenye barabara ya lami. Pale kulikuwa na kalavati. Maji yote yaliyoanguka kwenye lami na kwenye mapaa ya nyumba za kando yake hukusanywa vizuri katika mtaro, hupita chini ya barabara, kisha hutemwa upande wa pili. Upande wa pili ndiko iliko njia yetu. Mzee akasema kwamba kabla ya lami njia ilikuwa na matope ya kawaida, lakini haikuwa korongo.

Siku hiyo mawazo yangu yalibadilika. Nilikuwa nikidhani kwamba sisi wa chini tulisahauliwa, yaani barabara ilijengwa juu na sisi hatukupata kitu. Kumbe tulipata kitu: tulipata maji yake. Barabara ilibaki kavu na salama kwa sababu sehemu ya gharama zake ilishushwa mlimani, na aliyeilipa ni shangazi, kwa mfupa wa mkono wake.

Kuna tofauti kubwa ya kimaadili kati ya kutomsaidia mtu na kumdhuru. Jirani yangu asiponipa chakula naweza kumwita mchoyo. Akimwaga maji machafu mlangoni pangu, simwombi msaada, namdai ayaondoe. Katika hali ya kwanza naomba, katika ya pili nadai. Ninaloshuku ni kwamba madai mengi ya waenda kwa miguu ni ya aina ya pili, ila yamevikwa nguo za aina ya kwanza. Barabara pana hukata mtaa vipande viwili, na mtoto aliyekuwa akivuka kwenda shule kwa hatua ishirini sasa anahitaji kivuko. Gari huleta mwendo kasi mahali palipokuwa na mwendo wa binadamu, na mwendo huo ndio unaofanya ukingo wa njia uwe jambo la kufa na kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Asiye na gari hakuileta hatari hiyo. Ameletewa.

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alitutaka tufikirie kwamba tunachagua kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua tutakuwa nani ndani ya jamii hiyo. Wengi hulitumia wazo hili kusema kwamba tungechagua kuwapendelea maskini. Mimi nalitumia kwa jambo dogo zaidi. Nyuma ya pazia hilo sijui kama nitakuwa dereva au mchuuzi. Huenda ningekubali barabara ijengwe, kwa sababu hata mchuuzi anahitaji lori la nyanya. Nisingekubali kamwe kalavati litemee njiani bila mtaro wa kuyashusha maji hadi bondeni, kwa sababu huenda mimi ndiye ninayepita hapo chini. Mtaro ule si anasa ya mchuuzi. Ni nusu ya barabara ambayo haikujengwa.

Sasa nigeukie jiji letu, na nilitendee haki. Kigali si jiji lililowapuuza wenye miguu. Mwaka 2015 barabara ya KN 4 katikati ya jiji ilifungwa kwa magari, na baadaye ikapambwa, nayo leo inaitwa Imbuga City Walk. Mei 2016 ilianza siku isiyo na magari, ambapo Jumapili asubuhi watu hukimbia na kuendesha baiskeli katika barabara kuu. Mwaka 2021 zilikuja baiskeli za kukodi za Guraride. Biryogo, mtaa wetu wa Waswahili, ulipata barabara isiyopitwa na magari, ambapo watu hukaa jioni wakinywa chai na kula nyama choma. Barabara nyingi kuu zina njia za miguu safi ambazo mgeni kutoka miji jirani huzistaajabia.

Lakini Kiswahili kina neno linaloweza kutusaidia hapa. Sisi husema "kutembea" kwa maana ya kwenda kwa miguu, lakini pia kwa maana ya kupunga hewa au kumzuru mtu. "Leo nimetoka kutembea" ni maneno ya mtu aliye na nafasi. Shangazi hatembei kwa maana hiyo, anakwenda. Mengi ya yale niliyoyataja ni mahali pa kutembea, nami nayafurahia kila Jumapili. Njia za kwendea, zile za saa kumi na moja alfajiri zenye kapu kichwani, ni jambo jingine.

Baiskeli ilinionyesha tofauti hiyo waziwazi zaidi. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa hayajawahi kufanyika Afrika. Kwa siku nane barabara zilifungwa na magari yakasubiri. Nilisimama katika umati kwenye kile kipando cha mawe cha Kimihurura tukiwashangilia waendeshaji kutoka kila pembe ya dunia, na Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa wa wanaume. Nilijivunia nchi yangu, na bado najivunia. Karibu yangu alisimama kijana mmoja mnyonzi, yaani mbeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Alitazama miguu ya wale mabingwa akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba yeye vipando kama hivi huvipanda na gunia la viazi.

Abanyonzi kama yeye hawaruhusiwi kubeba abiria katika barabara kuu za katikati ya jiji, hivyo hubaki pembezoni. Sababu inayotolewa ni usalama, nayo ni sababu ya kweli, kwani baiskeli yenye mzigo katikati ya mabasi ni hatari. Hata hivyo, tazama jinsi hatari hiyo inavyotatuliwa. Inaletwa na aliye mzito na mwenye kasi, lakini anayeondolewa ni aliye mwepesi na mpole. Tungeweza kutumia fedha kumtengea nafasi yake. Tumeona rahisi zaidi kumtoa, na bei ya urahisi huo analipa yeye kwa kipato chake. Ni kalavati lile lile, ila hapa maji hayaonekani.

Kuna utaratibu mwingine wa jiji ambao naupima kwa kigezo hiki. Kwa barabara za mitaani, wakazi wanaotaka barabara yao itengenezwe huchangia asilimia 30 ya gharama na Jiji hulipa asilimia 70. Wanaoutetea husema kwamba unaharakisha kazi, na mtu hutunza kitu alichokitolea fedha. Yote mawili ni kweli. Lakini fikiria mitaa miwili. Mmoja una nyumba za ghorofa na magari uani, na mchango unakamilika kwa miezi michache. Mwingine ni wetu. Ikiwa mchango unahesabiwa kwa faranga peke yake, mtaa wa kwanza utapata lami mapema, na zile asilimia 70 ambazo ni fedha za wote zitakwenda kwa walioweza kutangulia. Aliye nacho huongezewa. Na mlima una juu na chini: mara nyingi mtaa unaotangulia kupata lami ndio ulio juu, na maji yake yatashuka kwa jirani ambaye bado anachangisha.

Sisemi utaratibu huo ufutwe. Nasema kwamba bei ya barabara inapokadiriwa, mtaro mpaka bondeni, ngazi za miguu zinazokutana na barabara hiyo, na vivuko vyake vyote viingizwe katika kadirio kabla ya mtu kuulizwa asilimia 30 yake ni kiasi gani. Na siku za umuganda tulizozitoa kwa mawe na jembe zihesabiwe kuwa mchango, kwa sababu ndizo faranga tulizo nazo.

Hili linawezekana, nasi tunayo mifano. Mradi wa kuboresha makazi ya Agatare wilayani Nyarugenge, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulijenga njia za miguu na mitaro pamoja na barabara, bila kuziacha zingoje bajeti nyingine. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, njia yake ya kwanza ya karibu kilomita 21 ilikuja na njia za miguu na za baiskeli ubavuni mwake, ndani ya ujenzi ule ule. Nairobi ilichukua mkondo mwingine: sera ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wenda kwa miguu na wenye baiskeli, kiwango kile kile ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikipendekeza kwa nchi zote mwaka 2016. Ni ahadi nzuri. Lakini asilimia inayokaa peke yake katika karatasi ni rahisi kuiahirisha mwaka wa shida unapofika. Mwaka 2022 jiji hilo hilo lilifungua barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27, na anayekwenda kwa miguu chini ya nguzo zake hana kazi nayo. Ndiyo maana napendelea gharama iliyofungwa ndani ya kila barabara kuliko fungu linaloitwa la waenda kwa miguu. Fungu hukatwa. Mtaro ulio ndani ya mkataba wa barabara ni vigumu zaidi kuukata.

Pingamizi lililonisumbua zaidi halikutoka kwa mwenye gari. Lilitoka kwa shangazi. Nilipomsomea sehemu ya kwanza ya insha hii alitikisa kichwa.

"Wewe unataka wanitengenezee njia ya miguu tu," alisema. "Siku ile nimevunjika, mngekuwa na barabara hapa, gari lingefika mlangoni. Nani amekwambia mimi napenda kupanda mlima?"

Amesema kweli, na sina budi kukubali. Ni rahisi kwetu wasomi kuyasifu maisha ya miguu ambayo wenyewe wanaoyaishi wangeyaacha kesho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kuchagua kwenda kwa miguu hamjui asiye na la kuchagua. Kwa hiyo sitetei umaskini wa kutokuwa na gari. Lakini hata lami ikifika mlangoni kwetu siku moja, na Mungu ajalie ifike, asubuhi itakayofuata shangazi atatoka kwa miguu. Abiria wa basi huanza na humaliza safari kwa miguu. Mwenye gari naye akishaegesha ni mwenda kwa miguu. Na gari la wagonjwa litakalokuja kwetu litapita kwenye barabara yenye kalavati, na chini ya kalavati hilo kutakuwa na mtu mwingine, mlango wa chini zaidi ya wetu. Tukidai barabara yetu bila kumfikiria yeye, tutakuwa tumehama tu upande wa mtaro.

Hapo ndipo ninapojiogopa. Nikimaliza chuo nikapata kazi, huenda nikanunua gari, na nitaishi juu, kwenye mgongo wa mlima. Nitaona lami yangu ni kavu, na sitajiuliza maji yamekwenda wapi. Naandika maneno haya sasa, nikiwa bado napanda njia ile kila siku, ili yawe shahidi wangu.

Jibu langu kwa shangazi basi ni hili. Ndiyo, wewe ni mwananchi, na barabara ile ilijengwa kwa fedha zako pia. Lakini usiende kuomba njia kwa sababu wewe ni maskini, wala kwa sababu mko wengi. Nenda uwaulize wenye kalamu: barabara hii bei yake kamili ni kiasi gani, na ile sehemu ambayo hamkuilipa, mlimpelekea nani?

Mkono wake umepona, ingawa haunyooki vizuri. Siku hizi kapu hulishika kwa mkono wa kushoto. Yale mawe tuliyoyaweka yalikaa wiki tatu, kisha mvua ikayachukua.